Kamba ya Nyumba ya Weigandt

Asubuhi ya Jumanne ya mwisho ya Novemba, mwaka 1986, mama yangu mdogo Alvina Weigandt alitoka nje saa moja kamili, kama alivyotoka kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili. Alisoma vipimo vyake vya hali ya hewa na kuviandika daftarini. Upepo: hakuna. Mawingu: hakuna. Mvua: hakuna. Kwenye safu ya maelezo aliandika neno moja, "Shwari", akarudi jikoni kukanda unga.

Daftari hilo ninalo mimi. Wakati ule nilikuwa mhariri wa gazeti la kila wiki la Neudorf, magharibi mwa Kansas, na kila Alhamisi nilichapa takwimu zake kwenye ukurasa wa pili. Sikuwahi kukuta kosa. Yeye na mumewe, Ruben, niliwahoji kila mmoja peke yake, siku tatu baada ya tukio. Maelezo yao yalipishana kwenye jambo moja tu, nalo nitalitaja.

Saa nne Ruben alikuwa juu ya paa la banda, amevaa shati tu, anapigilia bati. Alvina akaja akasimama chini ya ngazi.

"Shuka, mzee. Kipima hewa kimeanguka."

"Kimeanguka wapi, sakafuni?"

"Ruben, sicheki."

"Hata mimi sicheki, nina misumari mdomoni."

Lakini kipima hewa kikishuka ghafla, dhoruba iko njiani; aliangalia kaskazini, akashuka. Upande ule, chini kabisa ya anga, palikuwa na mstari wa buluu iliyoiva. Mtu wa tambarare zile akiuona mstari huo mwishoni mwa Novemba haulizi swali la pili.

Nyumba ile ilikuwa na kamba. Kila mwaka kabla Novemba haijaanza, Ruben aliifunga kwenye pete ya mlango wa banda, akaivuta hatua sitini hadi nyumbani, akaipitisha kwenye tundu la fremu ya mlango wa jikoni. Ncha ya ndani ilifungwa kengele ya ng'ombe. Theluji ikifunga macho, unaishika kamba na kuifuata. Ukifika bandani unavuta mara mbili, kengele inalia jikoni, na aliye ndani anajibu kwa kuvuta mara mbili. Maana yake: nimefika, na nimesikia.

Kabla ya kamba palikuwa na sahani. Ilikuwa sahani ya chuma ya plau, imening'inizwa kwenye nguzo nje ya mlango, na wakati wa dhoruba mtu wa nyumbani aliigonga kwa nyundo ili aliye nje afuate sauti. Kila nyumba ilikuwa na hesabu yake, mtu asije akapotelea kwa jirani. Akina Brungardt waligonga mara nne na kunyamaza. Akina Weigandt, mara tatu. Na sheria ilikuwa moja. Huweki nyundo chini mpaka watu wote wameingia. Wakishaingia unasema kwa sauti, "Wote wamo," ndipo unaacha.

Katika dhoruba ya mwaka 1911, bibi yake Ruben, Amalia, aligonga tangu asubuhi. Mumewe, Gottlieb, alikuwa nje akitafuta ng'ombe. Saa sita Amalia akasikia vishindo barazani. Akasema, "Wote wamo," akaweka nyundo, akaenda kufungua.

Alikuwa ndama.

Gottlieb alionekana theluji ilipoyeyuka. Alikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni, uso umeelekea nyumbani, mkono wa kulia uko wazi. Glavu yake ya mkono huo haikupatikana. Tangu hapo, kila dhoruba, Amalia aligonga sahani hata kama familia nzima imekaa mezani inakula. Alipokufa mwaka 1954, siku ya pili baada ya mazishi, mkwe wake aliishusha sahani na kuifanya kifuniko cha kisima cha zamani, upande wa kaskazini wa nyumba.

Hiyo ndiyo hadithi waliyokua nayo. Sasa turudi Jumanne.

Saa sita kasoro kidogo upepo ulifika. Ulianza na mvua, na mvua ikawa inaganda kila inapogusa. Ng'ombe mia moja na kumi walikuwa kwenye malisho ya magharibi. Ng'ombe katika dhoruba huupa upepo mgongo na kutembea, mpaka wakutane na uzio. Hapo hurundikana na kufa wamesimama. Dawa yake ni kukata waya, waende wanakokwenda, utawatafuta baadaye.

"Nafika bandani, navuta mara mbili," Ruben alimwambia mkewe akivaa koti. "Halafu nafuata uzio mpaka kule chini, nakata, narudi."

"Uzio usiuachie mkono."

"Niuachie, kwani ni mke wa mtu?"

Alvina hakucheka. Alimkabidhi koleo la kukatia waya, akamfunga skafu mara mbili.

Daftari linasema: *6:40 mchana, kengele mara mbili. Nimejibu.*

Ruben aliufuata uzio kwa mkono wa kushoto hadi mwisho wa malisho. Theluji sasa ilikuwa imechukua nafasi ya mvua, na hakuona hata koleo alilolishika. Alikata waya wa juu, wa kati, wa chini. Waya wa uzio huwa umekazwa kwa nguvu. Ukikatwa, huruka. Zile nyuzi tatu zilijikunja na kupotelea kwenye theluji, na ng'ombe wakaanza kumpita, mmoja baada ya mwingine, wakimsukuma kwa mbavu. Alipoweza kusimama sawasawa alinyoosha mkono kutafuta uzio.

Haukuwapo. Alikuwa amekikata kitu pekee kilichokuwa kinamrudisha nyumbani.

"Niligeuka," aliniambia. "Hilo ndilo kosa langu la pili. Nilipogeuka mara moja tu, sikujua tena nyumba iko wapi."

Jikoni, Alvina hakuwa na wasiwasi. Daftari: *7:05, kengele mara mbili. Nimejibu.* Akaamini mumewe amesharudi bandani na anangoja upepo upungue. *7:20, mara mbili. Nimejibu. 7:30, mara mbili. Nimejibu.* Alitoa kwenye oveni mikate ya kabichi na nyama, akaifunika kwa kitambaa. *7:35, mara mbili.* Alifikiri mzee anachoka kungoja.

Saa nane kasoro dakika kumi, mlango wa ghala la chini ya nyumba, ule wa upande wa kaskazini ambao hautumiki, ulipigwa teke. Ruben alipanda ngazi kwa magoti. Nyusi zake zilikuwa barafu. Alvina alimvua koti, akamsugua mikono, na ilipita muda kabla hajaweza kusema.

"Asante kwa kugonga," alisema. "Nilikuwa nimeshakaa chini, mama. Nilikuwa nimeshakaa."

"Kugonga nini?"

"Sahani. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Nimeifuata mpaka ukutani."

"Ruben, mimi sijagonga kitu."

Wakatazamana. Alvina aliniambia kwamba hapo ndipo alipotaka kuyasema yale maneno mawili, "Wote wamo", ili tu yaishe. Alikuwa ameshafungua mdomo.

Kengele ililia mara mbili.

Ruben aliangalia kamba, kisha akamwangalia mkewe.

"Mimi leo nilivuta zile mbili za kwanza tu," alinong'ona. "Wakati wa kwenda."

Alvina aliinua simu. Laini ilikuwa bado inafanya kazi. Alimpigia Lester Brungardt, jirani pekee aliye karibu.

"Lester, uko wapi?"

"Niko wapi? Niko kwenye kiti changu, miguu iko ndani ya oveni. Kwani unataka nikuletee pai?"

"Kuna mtu wako yeyote nje?"

"Wote wapo hapa wanagombania blanketi. Alvina, kuna nini?"

Simu ikakatika. Haikurudi kwa siku nne.

Kengele. Mara mbili.

"Usijibu," Ruben alisema. "Lete kisu niikate."

"Na kama ni mtu?"

"Mtu gani? Barabara imefungwa. Mtu gani?"

"Sijui. Lakini ameshika kamba yetu."

Ndipo wote wawili wakaisikia. Ilitoka kaskazini, upande wa kisima, chini ya theluji. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kimya.

Ruben alikuwa na kisu mkononi. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na moja, na aliniambia bila aibu kwamba alikuwa analia. Hakutaka mlango ufunguliwe. Alvina alimtoa kisu mkononi taratibu, akakiweka kwenye sinki.

"Bibi yako alikosea mara moja," alisema. "Alisema wote wamo, na mmoja alikuwa nje. Mimi sitasema hivyo na kengele inalia."

Akashika kamba. Akavuta mara mbili.

Ikajibiwa. Karibu zaidi. Alvina alishindwa kunieleza alijuaje, ila alisema kamba ilikuwa nzito. Alivuta tena. Ikawa nzito zaidi. Kamba ilitetemeka kidogo, ikatulia, ikatetemeka, kama inavyotetemeka mtu akibadilisha mikono.

Kishindo barazani.

Kishindo cha pili.

Alvina alifungua mlango. Nje palikuwa peupe tu. Theluji iliingia, na baridi, na hakuna kingine alichokiona. Alihesabu hadi ishirini. Ruben alikuwa amejibanza ukutani kando ya jiko la kuni, na aliniambia kwamba ilipofika kama kumi na tano, ubao wa sakafu karibu naye ulilalamika. Ni ubao ule ambao hulalamika ukikanyagwa na mtu mzito. Hakugeuza kichwa.

Alvina alifunga mlango.

"Wote wamo," alisema.

Sahani ikanyamaza. Hapa ndipo maelezo yao yanapishana. Alvina anasema ilinyamaza baada ya yeye kusema. Ruben anasema ilinyamaza kabla, mlango ulipofungwa tu, kana kwamba mgongaji alikuwa anaona.

Barabara ilifunguliwa Ijumaa. Nilifika nikiwa na kamera na nia ya kuandika habari ya ng'ombe. Kati ya mia moja na kumi, walipatikana hai tisini na nane. Nilikunywa kahawa, nikasikiliza mmoja mmoja, kisha nikatoka kuiangalia kamba.

Mvua ile ya kwanza ilikuwa imeigandisha. Barafu ilikuwa nene kama kifundo cha mkono, kuanzia bandani. Nilitembea kando yake nikihesabu hatua. Hatua ishirini za kwanza barafu ilikuwa nzima. Kuanzia hapo, hatua arobaini kutoka nyumbani, ilikuwa na mapengo. Yalikuwa madogo, ya upana wa kiganja, moja kila nusu hatua, mpaka mlangoni. Nilidhani ni Ruben, lakini Ruben alipita hapo kabla barafu haijanenepa, na hakurudi kwa njia ile.

Mapengo hayakufanana. La kushoto lilikuwa pana na laini, kama la mkono uliovaa sufu. La kulia lilikuwa jembamba, lina mifereji minne.

Nilimwita mama mdogo aje aone. Alivaa miwani, akainama, akaangalia kwa muda.

"Wa kulia," alisema. "Alikuwa anashika kwa mkono mtupu."

Sikuandika habari hiyo. Niliandika ya ng'ombe.

Ruben aliirudisha sahani kwenye nguzo yake mara theluji ilipoyeyuka. Ilikuwa na kutu kote, isipokuwa katikati, ambako chuma kilikuwa kinang'aa. Alvina naye alifuma glavu moja ya sufu ya kijivu, ya mkono wa kulia, akaitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Kila nilipokwenda niliiona pale. Kavu, na vumbi kidogo.

Ruben alifariki mwaka 1993, kitandani, mwezi wa Juni. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa Oktoba, mama mdogo alivunjika nyonga, akalazwa Neudorf. Siku ya tano ya kulazwa kwake ikaja dhoruba nyingine, ya siku mbili. Ilipokwisha aliniomba nikaangalie kama mabomba ya maji yamepasuka. Ufunguo ulikuwa mmoja, na nilikuwa nao mimi. Theluji barazani haikuwa imekanyagwa.

Mabomba yalikuwa salama. Kamba ilikuwa imekunjwa bandani, haijafungwa mwaka ule. Glavu ilikuwa kwenye msumari wake.

Ilikuwa imelowa mpaka kwenye kifundo.

Nilimpigia simu hospitali, kutoka jikoni kwake. Nilimweleza mabomba, kisha nikamweleza glavu. Nilisikia kitanda kikilia.

"Iko msumarini?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na mwenye glavu, amerudi?"

"Mama mdogo, mimi sijui. Hakuna mtu hapa."

"Kama hujui, basi gonga, mwanangu. Nyundo iko chini ya sinki."

Nje jua lilikuwa linawaka na hakukuwa na upepo hata kidogo. Ungeweza kuona maili kumi kila upande. Hakukuwa na kitu. Niligonga mara tatu, nikanyamaza. Mara tatu, nikanyamaza. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya saa moja, mimi mtu wa gazeti, mpaka bega likakataa.

Niliirudisha nyundo chini ya sinki na kufunga mlango. Yale maneno mawili sikuyasema.