Safari ya Siku Mbili Baada ya Mazishi

Kila asubuhi mjane alifuta vioo vya lori la marehemu mumewe. Lori lilikaa uani, injini baridi. Mlango hakuwa ameufungua tangu mazishi. Moyo ulimkatalia.

Siku hiyo ilimbidi. Mkaguzi wa kodi alikuwa anakuja Jumatatu. Alitaka daftari la safari: lori limetoka wapi, limefika wapi, limekwenda kilomita ngapi. Daftari la miezi mitatu ya mwisho halikuonekana.

Akafungua mlango, akaganda. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele, karibu kugusa usukani. Mumewe watu walimwita Twiga. Magoti yake yasingeenea pale.

“Nani amekaa hapa?” alinong’ona.

Alikusanya makaratasi yote ya humo, akaingia ndani haraka. Shemeji yake, mdogo wa Twiga, alikuwa sebuleni. Watu walimwita Nusu Mita.

“Shemeji, usijisumbue,” alisema. “Tununue daftari jipya, tulijaze. Nani atajua?”

“Hapana, mwanangu,” alidakia jirani, karani mstaafu wa mizani ya malori, aliyekuja kusaidia. “Ukibuni safari, itabidi ubuni na mafuta yake, na mzigo wake. Utajifunga mwenyewe. Tuanze na vilivyopo.”

Walitandaza karatasi sakafuni kwa tarehe: risiti za mafuta, hati za mizigo, tiketi za mizani. Fomu za gereji zilionyesha kilomita za lori kila lilipofanyiwa matengenezo. Safari za Twiga zikaanza kujitokeza, moja baada ya nyingine.

Ghafla jirani aliinua tiketi moja.

“Mumeo alizikwa lini?”

“Tarehe nne.”

“Tiketi hii ya mizani ni ya tarehe sita. Jina la dereva ni lake. Saini pia.”

Walikwenda kusoma mita ya lori. Ilizidi hesabu yao kwa kilomita mia sita na kumi.

“Maiti haiendeshi lori,” jirani alisema polepole.

Mjane alikumbuka kile kiti. Akamgeukia shemeji yake. Jasho lilikuwa linamtiririka.

“Mlikuwa bado msibani kijijini,” Nusu Mita alisema kwa sauti ndogo. “Nilipata mzigo. Leseni yangu imeisha, nikatumia jina la kaka. Kisha nikaingiwa na hofu, daftari nikalichoma.”

“Ulimsainia marehemu!” mjane alilia.

“Nisamehe, shemeji.”

“Safari hiyo iandikwe kwa jina lako,” jirani alisema. “Tunapokadiria, tuandike tumekadiria. Tusipojua, tuandike hatujui.”

Jumatatu mkaguzi alilinganisha kila mstari wa orodha yao na karatasi yake. Nusu Mita alieleza safari yake mwenyewe, macho chini. Kilomita zisizo na ushahidi mkaguzi alizikataa. Nyingine zote alizipokea.

Siku hizi dereva mpya huandika namba ya mita kabla ya kuondoka na mara anapofika. Karatasi za kila mwezi zina bahasha yake.

Mjane alibaki na nakala ya zile safari. Jioni moja aliisoma taratibu. Akaikuta siku ambayo Twiga alimpigia simu mara ya mwisho, akasema, “Niko karibu, mke wangu.”

Siku hiyo alikuwa umbali wa safari ya siku mbili.

“Mwongo wewe,” alisema mjane, akicheka na kulia.