Swali Aliloliuliza Raffina

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, mvua ya Oktoba ikipiga mabati ya mji wa Tunapuna, pale mbwa wa Anti Zobida alipomwona Raffina akiingia na asibweke. Alirudi kinyumenyume hadi chini ya ngazi, akajikunyata.

Raffina hakulipenda hilo, lakini kazi ni kazi. Utafiti wa kliniki yao ulitafuta watu walioshikwa na wazimu kwa mara ya kwanza, maana wakiwahiwa hupata nafuu upesi. Azim, mtoto wa Anti Zobida, alikuwa ameacha kula na kulala. Mama yake alinong'ona kwamba imamu ameshamsomea. Sasa anataka kujua, ni ugonjwa au jini? Raffina akamwambia ni ugonjwa na dawa ipo, amlete kliniki kesho.

Azim alikaa akiukodolea ukuta macho. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Kila Raffina alipofungua kinywa asome swali la utafiti, kijana alikuwa ameshalijibu.

"Nani anakuambia?"

"Huyu hapa." Azim aliuonyesha ukuta.

Kanuni ilikuwa kumuuliza mgonjwa peke yake. Lakini Raffina hakuvumilia jibu la nusu. Akaugeukia ukuta, akauliza kwa adabu: "Wewe unataka nini?"

Azim akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. "Ahsante, dada. Wengine wote walikuwa wanamfukuza tu."

Nyumbani kwao Raffina, bibi yake Kulsum alisimama mlangoni, mikono imejaa unga wa roti, chapati zao. Akamwamuru aingie kinyumenyume, kama afanyavyo kila atokaye penye mgonjwa, ili kilichomfuata kibaki nje.

"Bibi, mimi nimesoma."

"Haya, msomi. Kikiingia, utakipikia roti wewe."

Raffina akacheka, akaingia uso mbele.

Magharibi ilipoingia, simu ililia. Anti Zobida alikuwa akilia kwa furaha: Azim amekula, amelala fofofo. Raffina alipoiweka simu, harufu ya nywele zilizoungua ilipanda kutoka kwenye roti aliyoishika, na nyuma ya sikio lake sauti ikaanza kumsomea maswali yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, kwa adabu yake ileile, ikitua pale anapotua yeye, ikimuuliza kama yeye huwa anasikia wasiyoyasikia wengine, na bibi, baada ya kuambiwa, alipofukiza kafuri na kusoma Ayatul Kursiy, ile sauti ikanyamaza, ikamngoja mzee amalize, kisha ikaendelea na swali lililofuata.

"Ulimwambia nini huyo jini?" bibi alinong'ona.

"Nilimuuliza anataka nini."

Kulsum alikaa kitako sakafuni. "Hilo haliulizwi, mwanangu. Ukiuliza, atakujibu."

Raffina hakulala. Akijitaja kliniki, atakuwa mgonjwa wa utafiti wake mwenyewe, na nani tena atamwamini? Asipojitaja, ataliwa kidogo kidogo, kama Azim.

Asubuhi alikwenda kliniki, akampita mlinzi bila salamu, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Sista Paulette, muuguzi aliyezoea kumtania, alimwona uso, akaacha utani, akamwingiza chumbani. Raffina akasimulia yote. Paulette alisikiliza akiandika, kisha akainua macho kumtazama.

"Hapana, sista, sina kiu," Raffina alisema.

Paulette akaiweka kalamu chini, polepole.

"Raffina," alisema, "maji ya kukupa nilikuwa bado nayawaza tu."