Kaseti ya Germain

Kila siku saa saba mchana binti yangu Adrienne alikuwa akirudi kutoka shule, anaweka daftari juu ya meza yangu ya ufundi, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, kisha ananianza.

"Papa, ukiiambia mashine ihesabu bila kuiambia mahali pa kusimama, itahesabu mpaka lini?"

"Mpaka wenye umeme wakate kuranti. Nao hawakawii."

Hakuwa mtu wa kutulia. Mkono mmoja ulisonga bukari, ugali wa kwetu, mwingine uliandika mistari ya programu hewani. Hata mezani miguu yake ilikuwa ikicheza.

Mimi nami sikutulia, ila kwa hasira. Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Kazini walikuwa wameacha kunilipa, na mke wangu Philomène alikuwa amekufa kwa homa, hospitali haina hata kidonge. Nani aliyekula vidonge? Wakubwa! Niliwalaumu asubuhi, nikawalaumu jioni. Hata mvua ikichelewa, niliona ni wao.

Kompyuta yenyewe ilikuwa parokiani hapa Kalemie, ndogo, kibao cha herufi tu, imeunganishwa na televisheni. Wamisionari wa Moba walikuwa wametuazima. Ukiizima inasahau kila kitu. Kwa hiyo watoto walihifadhi programu zao kwenye kaseti ya kawaida, hii ya muziki. Ukiisikiliza programu kwenye redio, unasikia kelele tupu, kama samaki anayekaangwa kwa mawese.

Germain, anayesoma darasa moja na Adrienne, alikuwa ametumia wiki tatu kuandika programu ya kuwauliza watoto wadogo hesabu za kuzidisha. Jumatatu wageni wa Moba wangefika kwa meli. Padri Léon aliwaonya watoto: "Wakikuta kompyuta yetu ni pambo, watarudi nayo." Kaseti ilikuwa moja tu, maana madukani hazikuonekana. Adrienne akapewa aitunze, kwa kuwa baba yake ni fundi.

Jumamosi alirudi kutoka parokiani macho chini.

"Programu imepotea, Papa. Mashine imekataa kuisoma. Wenzetu wamemcheka Germain. Wanamwita fundi wa upepo, eti wiki tatu alikuwa anapika mawe."

"Imepoteaje?"

"Ni kuranti. Jana ilikatika ghafla. Wakubwa hawajali watu."

"Si ninasema kila siku?" Kweli, nilikaribia kufurahi. "Lete kaseti niisafishe."

Niliiweka kwenye redio. Kwanza kimya. Halafu, badala ya kelele ya samaki, nikasikia wimbo wa harusi, ule Philomène aliokuwa akiupenda, ambao redio ya Kigoma huupiga mara moja moja. Na ndani ya wimbo, kwa mbali, mwanaume ananung'unika: "Hata sabuni wamekula! Wakubwa hawa!"

Nilikuwa mimi, Ijumaa, uani, nikifua nguo.

"Adrienne!"

Alisimama mlangoni, na mara hii miguu haikucheza.

"Wimbo wa Mama ulianza ghafla redioni," alisema. "Nikakimbia kuchukua redio nyingine ya kurekodia, nikatia kaseti ya Germain, hatukuwa na nyingine. Nilisikiliza mwanzo wa kaseti, kimya. Nikafikiri nafasi ni ndefu. Kumbe Germain aliacha nafasi kidogo tu kabla ya programu, alihesabu mpaka sitini. Nimerekodi juu ya programu yake."

"Na ukamwacha achekwe? Ukasema ni kuranti?"

"Papa, wewe huwa unasema ni wakubwa. Kila siku. Nikaona utakubali."

Nilichukua kofia yangu.

Tulimkuta Germain kwao akichambua ndagala na mama yake. Adrienne alieleza yote, hakupunguza neno. Germain alitupa samaki chini.

"Siku nzima nimeitwa mwongo! Na wewe ulikuwa umekaa pale unanitazama!"

"Nilikutazama," Adrienne alijibu, machozi yakimtoka. "Nitawaambia wote kesho, baada ya misa. Na daftari langu lina mistari yako, karibu nusu."

Germain aliokota samaki wake. Mwishowe akauliza, "Nusu ipi?"

Kesho yake Adrienne alisimama mbele ya wenzake, akasema. Mmoja alimzomea, naye akavumilia. Kisha wakaketi wawili mbele ya televisheni, yeye anasoma, Germain anaandika na kukumbuka yaliyokosekana. Walipofika mstari wa arobaini, kuranti ilikatika kweli. Wakatazamana, wakacheka, wakangoja, wakaanza upya.

Ilipokuwa tayari, niliwapa kaseti. "Futeni wimbo," nilisema.

"Hapana, Papa Évariste," alisema Germain. "Mashine haijali wimbo, inangoja kelele yake. Tutaweka programu baada ya wimbo."

Jumatatu, mbele ya wageni wa Moba, kaseti ilizunguka. Wimbo wa harusi ukasikika, na sauti yangu ikawalaumu wakubwa kwa sabuni, Padri Léon akikohoa kwa nguvu ili kuifunika. Halafu samaki wakakaangwa, na televisheni ikauliza: saba mara nane? Mgeni mmoja mwenye ndevu akajibu hamsini na nne. Mashine ikamwandikia: JARIBU TENA. Watoto wakavunjika mbavu. Kompyuta ikabaki Kalemie.

Njiani kurudi nyumbani nilimwambia Adrienne: "Wakubwa wametuharibia mengi, mwanangu, na sitaacha kuyasema. Lakini kaseti ile hawakuigusa. Kosa lililofanywa na mkono wako, litaje kwa jina lako, kabla mwingine hajalibeba."

Miguu yake ikaanza tena kucheza.

"Na sabuni, Papa?"

Nikakumbuka nilivyoiacha juani siku nzima, ikayeyuka.

"Sabuni," nikasema, "ni mimi."