Marehemu Yuko Mlangoni

"Usimguse!" Mama Gorgo alipaza sauti kutoka uani. "Philinna, rudisha mkono. Huyo ni maiti."

Philinna alikuwa ameshanyoosha mkono. Mbele yake, nje ya kizingiti, alisimama mumewe Straton, kakondeana, ndevu mpaka kifuani, mguu mmoja umeshainuka kuingia ndani.

"Maiti gani, mama?" Straton aliuliza. "Mimi mwanao. Nimeshuka bandarini sasa hivi na nina njaa."

"Najua ni wewe. Ungekuwa mgeni nisiyemjua ningekuosha miguu, nikakulisha, jina nikakuuliza baadaye. Lakini wewe tumekuzika, mwanangu. Aliyezikwa hapiti mlangoni. Akipita, nyumba nzima inakuwa najisi, na yeyote atakayemgusa hasogelei madhabahu."

Straton akaushusha ule mguu taratibu, akaurudisha nje.

Ngoja niwaweke sawa, maana mimi ni jirani yao na siku hiyo nilikuwepo, nimebeba sinia la tini. Straton aliondoka na meli za kisiwa chetu kwenda vitani ng'ambo ya bahari, akamwacha Philinna bibi harusi hata hajazoea jiko la mkwewe. Vita vikaisha, miaka ikapita, meli za wenzake zikarudi, yake haikuonekana. Ndipo akaja Arignotos, yule mwimba tenzi anayezunguka kwenye karamu na kinubi chake. Akatuimbia safari ya mashujaa kurudi makwao, na ndani ya wimbo huo Straton alikufa vizuri mno: radi, wimbi refu kuliko hekalu, na yeye analitaja jina la mkewe mpaka maji yanamjaa mdomoni. Kwetu mwimbaji hasemi yake, anasemeshwa na miungu. Nani ambishie? Tulilia kisiwa kizima. Philinna akakata nywele, akajenga kaburi tupu kilimani, akamwaga divai na asali, akamwita marehemu mara tatu kwa jina ili roho yake irudi nyumbani kupumzika.

Sasa roho ilikuwa imerudi pamoja na mwili wake, tena inataka kula.

"Umenizika?" Straton alimuuliza mkewe.

"Nimekuzika."

"Na hayo maua kichwani?"

Philinna aliinamisha uso. "Naolewa leo. Nilipita kumuaga mama."

Straton akakaa chini palepale nje, mgongo kwenye ukuta.

"Mwamba uliipasua meli yetu," alisema hatimaye. "Tuling'ang'ania mlingoti watu sita. Wakaniishia mmoja mmoja, wa mwisho nimemshika mkono mpaka ukalegea. Nikaokotwa na watu nisiojua hata lugha yao, wakanitia utumwani kwenye mashamba ya chumvi. Nimetoroka mara ngapi sijui. Nimerudi nimejificha katikati ya magunia ya vitunguu. Na kila nilipotaka kukata tamaa nilijiambia, kaza moyo, nyumbani yupo mtu anakungoja. Kumbe mtu mwenyewe yuko kilimani ananimwagia divai."

"Ulitaka nikuache hivihivi?" Philinna naye akakaa, upande wa ndani, kizingiti kikiwa kati yao. "Asiyezikwa hapokelewi kuzimu, Straton. Anatangatanga ufukweni na baridi yake. Kila nikijifunika blanketi nilikuwa nakuona wewe huna. Silali, sili. Nikasema, kama kumpata nimeshindwa, basi apumzike. Nimekuzika kwa sababu nakupenda. Asiyekupenda angekuacha uhangaike."

Straton akajikuna ndevu.

"Divai yenyewe ilikuwa nzuri?"

"Ile ya marehemu baba yako. Mtungi wa mwisho."

"Mtungi wa mwisho mmeyamwagia mawe?"

Philinna akacheka huku machozi yanamtoka, na Straton akacheka, na mimi nikatafuta pa kuweka tini zangu nikalie vizuri.

"Huyo anayekuoa ni nani?"

"Leokrates. Mwenye vinu vya zeituni."

"Unampenda?"

"Baba ndiye aliyenitoa. Sikuwa na la kumjibu. Mjane aliyeshazika anamngoja nani?"

"Na sasa?"

"Sasa ninalo la kujibu."

Mama Gorgo alikuwa ameshasogea, kajifunga kitambaa kiunoni kama mtu mwenye kazi. Yule mama hana muda wa kulia. Alilia siku ya mazishi, akamaliza.

"Dawa ipo," alisema. "Mungu Apolo alishaulizwa jambo kama hili zamani, na jibu lake kila mtu kisiwani analijua. Aliyezikwa akiwa hai azaliwe upya. Wanawake wamwoshe, wamfunge nguo za kichanga, apakatwe kifuani, na siku ya kumi apewe jina. Hapo anakuwa mtu tena."

"Mama, mimi nimepigana vita."

"Na utanyonya."

Mara tukasikia filimbi. Msafara wa Leokrates ulikuwa unapanda barabara, nyumbu kavishwa maua, bwana harusi anang'aa mafuta mpaka masikioni. Kando yake alitembea Nikodoros, baba yake Philinna, aliyekwenda kumpokea mkwe mpya. Na mbele kabisa, amekodiwa kuimba harusi, ni nani kama si Arignotos na kinubi chake.

Arignotos ndiye aliyemwona wa kwanza. Vidole vikamgandia kwenye nyuzi.

"Arignotos," Straton alimwita kwa upole. "Nasikia nimekufa. Nilikufaje?"

"Vizuri sana," mwimbaji alijibu, midomo imemkauka. "Watu walilia."

Kelele zilizofuata hapo msiniulize. Kila mtu anasema, hakuna anayesikiliza. Mwishowe Leokrates akapanda juu ya gari lake la nyumbu, akainua mkono.

"Jamani, mbona jambo hili ni jepesi? Huyu bwana kama ni maiti, maiti hana mke. Mkimzaa upya, basi ni kichanga, na kichanga hana mke. Chagueni mnalotaka, mimi bibi harusi wangu naondoka naye."

Watu wakacheka, na ubaya wake, alikuwa amesema kweli. Straton akainuka, akapiga hatua moja kumfuata. Leokrates akaruka nyuma ya nyumbu haraka.

"Asinisogelee! Najisi huyo, mwambieni asinisogelee!"

"Baba," Philinna alimgeukia Nikodoros. "Unamwona. Ni Straton."

"Namwona, mwanangu." Mzee alikuwa na macho mekundu. "Nilimpenda kuliko unavyofikiri. Lakini nimetoa neno mbele ya mashahidi. Leo ni siku yake Leokrates. Nikilimeza neno langu nani ataniamini tena kisiwani hapa?"

"Kwa hiyo mwenye kulirudisha ni yeye tu?"

"Ni yeye tu."

Philinna akamtazama Leokrates jinsi anavyohema, mishipa ya shingo imesimama. Mimi namjua shoga yangu. Akitulia namna ile, ujue kuna mtu anaenda kupatikana.

"Mama," alimwambia Gorgo kwa sauti ya kawaida kabisa, "uchungu umeshaanza?"

Mama Gorgo alimwangalia mara moja tu. Kisha akashika tumbo kwa mikono miwili, akajikunja.

"Umeanza, mwanangu. Na mtoto mwenyewe mkubwa. Huyu ataniua."

"Twendeni banda la mbuzi, ndani ya nyumba hawezi kupita. Shoga, weka hizo tini, ulete maji ya moto. Straton, ingia bandani ukazaliwe."

"Sasa hivi?"

"Ulikuwa na pa kwenda?"

Akaenda. Philinna akaufikia mzeituni, akavunja tawi, akalikunja shada, akalitundika juu ya mlango wa banda. Umati wote ukarudi nyuma kama umemwagiwa maji. Kila mtu anajua shada la mzeituni mlangoni: hapo pamezaliwa mtoto wa kiume, na anayeingia nyumba ya uzazi hana ibada wala harusi mpaka mtoto apewe jina.

Nikodoros akaelewa. "Philinna, ukiingia humo, leo huolewi."

"Najua, baba. Lakini mkunga ni mimi."

"Haingii mtu hapo!" Leokrates alitoka nyuma ya nyumbu, jasho linachanganyika na mafuta. "Nimechinja ng'ombe. Wageni wametoka visiwa vya jirani, nyama iko motoni. Wewe mwanamke, ukivuka mlango huo nitakuwa kichekesho, na mimi sichekwi. Ukiuvuka, sikutaki tena!"

Philinna alisimama, mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Hebu rudia. Walio nyuma hawajasikia."

"Sikutaki!" Leokrates alinguruma mpaka nyumbu akashtuka. "Wasikie wote. Ukivuka, sikutaki leo, sikutaki kesho!"

Philinna akavua maua kichwani, akayaweka chini kwa adabu, akavuka.

Kisha Nikodoros akakohoa.

"Leokrates, bwana, mashahidi ni walewale. Neno langu umenirudishia mwenyewe."

Leokrates akageuza gari. Ile nyama wageni waliila hukohuko kwake, na mimi nilipelekewa paja. Haikuwa na kosa nyama.

Bandani tulimwosha Straton, sisi wanawake watatu. Mwanzoni ilikuwa kicheko mtindo mmoja. Miguu inatoka nje ya beseni, mbuzi wanachungulia, mama Gorgo anagombeza, "Tulia, vichanga hawajikuni." Lakini Philinna alipofika mgongoni akaacha kucheka. Chumvi ilikuwa imemla, makovu juu ya makovu. Aliyaosha moja moja, hana haraka, na kila moja akaliuliza lilitoka wapi, na Straton akamjibu.

Tulimfunga vitambaa vyeupe mpaka kidevuni. Mama yake akamkumbatia kifuani, akamtia tone la maziwa na asali mdomoni.

"Halii," Gorgo alisema. "Kichanga kisipolia si dalili njema."

Akampiga kofi. Straton akacheka. Akampiga la pili, na hapo kile kicheko kikakatika. Alilia, jamani. Aliwalilia wenzake wa kwenye mlingoti kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na hatukumnyamazisha. Mama yake alimpakata, akimpigapiga mgongoni, akisema tu, "Ndiyo, mwanangu. Toa. Umefika."

Siku ya kumi wanaume wanne walimbeba juujuu, wakamwingiza ndani na kukimbia naye kuzunguka meko, kama tunavyokimbia na kila mtoto. Walimgonga kwenye nguzo mara mbili.

"Nani jina lake?" tukauliza, kama desturi.

"Straton," mama Gorgo akasema. "Nimelizoea."

Wakamfungua vitambaa. Akavaa vazi safi, akatoka, akaenda moja kwa moja nyumba ya pili kwa Nikodoros. Sote tukamfuata, nani angebaki?

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuposa."

Nikodoros alijitahidi kukunja uso. "Una umri gani, kijana?"

"Siku kumi."

"Una mali gani?"

"Nina mama."

"Na huyo mama ni mkali?"

"Nimeshapigwa makofi mawili, na maisha ndiyo kwanza yanaanza."

Mzee akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akafuta macho na kusema maneno ya kwetu, yale ambayo baba hayasemi ila amekubali: "Nakupa binti yangu, mlime, mvune watoto wa halali."

"Nampokea."

"Safari hii na mwanangu aulizwe," Nikodoros akageuka. "Philinna, unalo la kujibu?"

"Ninalo, baba. Nashangaa mnachelewa."

Harusi ikawa jioni ileile. Jirani gani hakuleta kitu? Jibini, mikate ya ufuta, divai mitungi kwa mitungi. Wasichana waliimba, mienge ikawashwa, bwana harusi akamshika bibi harusi kifundo cha mkono, tukawasindikiza hatua chache kutoka nyumba ya baba hadi nyumba ya mume. Mama Gorgo alisimama ndani na mwenge wake, na mimi kando yake na bakuli la tini na lozi za kuwamwagia.

Mlangoni Straton akasimama.

Tulidhani anatania. Filimbi zikaendelea kidogo, kisha zikafa. Mtu huyu aliyenusurika mwamba, bahari na utumwa alikuwa ameganda mbele ya kizingiti cha mama yake, mguu hauinuki. Mara ya kwanza alifukuzwa hapo. Mara ya pili alipitishwa amebebwa. Sasa alitakiwa aingie kwa miguu yake.

"Nini?" Philinna alimuuliza chinichini.

"Nimeota sana naingia hapa. Kila nikiingia, naamka."

Philinna akavuka yeye kwanza. Akageuka, akafunua shela usoni mbele ya watu wote, akamtazama mumewe.

"Ingia, Straton. Marehemu nimeshamlilia. Kichanga nimeshamwosha. Nimebaki sina mume."

Akauinua mguu. Akaingia. Nikawamwagia bakuli zima, na hakuamka.