Karatasi ya Mwisho ya Fazal

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kawaida, mwezi wa saba mwaka 1996, na Shinyanga ilikuwa imejaa malori ya pamba na vumbi lake. Fazal alifungua studio saa mbili asubuhi, akafagia, akapangusa kioo ambacho wateja hujitazamia kabla ya kupigwa picha, kisha akaketi kumsubiri mteja ambaye siku hizi hakuja. Wateja walikuwa wamehamia ng'ambo ya barabara, kwenye picha za rangi zinazotemwa na mashine. Fazal aliziita picha za kitenge, na hakuwa na haya kulisema hilo mbele ya wenyewe.

Yeye alikuwa mtu wa nyeusi na nyeupe. Kwa miaka ishirini na sita alisafisha picha kwa mikono yake katika chumba cha giza nyuma ya pazia, chini ya taa nyekundu, vidole vikinuka dawa mpaka kwenye chapati. Upande wa karatasi wenye dawa aliujua kwa kuupapasa tu. Sasa filamu zake hazikuja tena, dawa ya unga aliipata kwa kubembeleza, na mwezi wa tatu wakala wa Mwanza alimwandikia kwamba kiwanda kimeacha kabisa kutengeneza zile karatasi nene. Barua ile aliisoma amesimama. Halafu akalia, mtu mzima na mvi zake, kama aliyeletewa habari ya msiba.

Katika boksi ilibaki karatasi moja, na karatasi hiyo ilikuwa ya Mumtaz.

Mumtaz, mkewe, alifariki kwa malaria mwaka wa tisini na tatu, na utaamini usiamini, mke huyo wa mpiga picha hakuwa na picha hata moja. Alikuwa mtu wa nyuma ya pazia. Yeye ndiye aliyetikisa beseni la dawa, na yeye ndiye aliyetoka kuwanyoosha wateja kola, akarudi kujificha kabla kamera haijafyatuka. Mara moja tu alikaa kwenye kigoda cha wateja ili Fazal ajaribu taa, na Fazal akafyatua. Negativu hiyo ililala ndani ya bahasha miaka mitatu. Akiulizwa kwa nini haisafishi, alisema mteja kwanza. Uongo mtupu. Aliogopa. Aliona kwamba siku picha itakapotoka, ndipo mkewe atakuwa amekufa kweli.

Lakini binti yao Shaheen alikuwa ametimiza miaka saba, na juzi yake, wakati wa kula, aliuliza, "Baba, mama alikuwa na sura gani?" Fazal alirudisha tonge sahanini. Akamwahidi picha.

Saa nne akaingia mama mmoja, miguu imejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

Jina lake Bhoke, alikuwa ametoka Nkome, kule ziwani. Alitoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne. Mumewe, Mwita, alikuwa mpakia mizigo Isaka, na alipochoka kuvunjika mgongo akaamua kwenda kujaribu dhahabu Geita. Alipopita Shinyanga alipigwa picha hapa, kama walivyofanya wachimbaji wengi kabla ya kushuka shimoni, ili likitokea la kutokea nyumbani wabaki na sura. Hakurudi kuichukua.

"Duara, lile shimo lao la dhahabu, liliwatitia," Bhoke alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanne. Miili haijapatikana. Wazee wamesema tuzike mgomba badala ya mwili wake keshokutwa, na picha yake tuilaze juu. Bila picha, tutakuwa tumezika mgomba tu."

Fazal alijua negativu ya Mwita ilipo: kabatini, droo ya tatu. Zilikuwa negativu pana za kamera ya zamani, zisizoingia kwenye mashine za ng'ambo ya barabara. Akamtazama yule mjane.

"Pole sana, mama," alisema. "Karatasi zimekwisha. Hazitengenezwi tena."

Bhoke hakulia wala hakubishana. Alisema basi lake linaondoka saa sita, apumzike kidogo, akaenda kuketi kizingitini na kumpa mgongo. Mgongo ule ndio uliomshinda Fazal. Angeendelea kuutazama, angelegea. Kwa hiyo akachukua bahasha ya Mumtaz, akaingia chumba cha giza, akafunga komeo. Aifanye sasa hivi, yaishe.

Akawasha taa nyekundu. Akaweka negativu kwenye mashine ya kukuzia, na Mumtaz akatua juu ya meza kinyume chake: uso mweusi, nywele nyeupe, mboni zikimeremeta. Akazima. Akailaza karatasi. Akawasha tena, akahesabu kwa sauti mpaka nane.

"Tisa," ikasema sauti, kushoto kwake.

Mumtaz alikuwa akimwambia kila siku kwamba nane hazitoshi.

Akazima mashine. Komeo lilikuwa mahali pake. Akaitumbukiza karatasi kwenye dawa na kurudi nyuma hatua moja. Hakuligusa beseni. Beseni likaanza kutikisika. Polepole. Kona ya kushoto ikapanda. Ikashuka. Dawa ikapita juu ya karatasi, na tone halikumwagika.

Picha ikaanza kuja. Kwanza pazia. Kisha kigoda. Kisha, juu ya kigoda, magoti ya mwanamume.

Fazal akainama. Mtu aliyekaa pale alivaa buti za mpira, na udongo mbichi ulikuwa umemjaa mpaka kwenye kope. Nyuma yake alisimama Mumtaz, na gauni lile lile la siku ya kujaribu taa, akitabasamu. Mkono wake ulikuwa begani mwa yule mtu, unamnyoosha kola. Negativu ya Mwita ilikuwa bado kabatini, nje ya mlango.

"Mumtaz," Fazal alinong'ona.

Beseni likatulia.

Alipokwisha kuikaza picha kwa dawa isifutike na kuiosha, alitoka na kuinua negativu ya mkewe dirishani. Aliona pazia na kigoda. Hapakuwa na mtu.

Akachukua mkasi. Aikate katikati, Bhoke apate mtu wake, Shaheen apate mama yake. Lakini kila alipouelekeza mkasi, ulipita juu ya mkono wa Mumtaz. Alijaribu mara tatu. Hakuweza kumkata mkono.

Bhoke alipoiona picha, aliziba mdomo. "Ndiye," alisema hatimaye. "Ndiye kabisa. Na huyu mama aliyemshika?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi, nimshukuru?"

Fazal alitikisa kichwa. Bhoke akaelewa. Akaitazama picha, akamtazama yeye.

"Basi njoo, baba. Njoo na mtoto, tuwazike wote wawili. Bado siku mbili."

"Duka nitamwachia nani?" Fazal alisema, na duka lilikuwa tupu. "Nitaangalia."

Hakuangalia chochote. Saa saba Shaheen alitoka shule, akauliza kama picha ya mama imetoka. "Bado, mama," Fazal alimjibu, kwa sababu kumwambia mtoto kwamba Bhoke ameondoka nayo kulimshinda. Alhamisi ya mazishi aliketi studio kutwa nzima, mlango wazi. Hakuja mteja hata mmoja.

Baada ya arobaini Bhoke alirudi na mfuko wa dagaa wa shukrani. Aliuweka chini, lakini hakukaa.

"Tulizika vizuri," alisema. "Asubuhi yake nikaenda kumwagilia udongo. Kaburi halikuguswa, ila nyayo zilitoka pale. Za buti, na za mguu mtupu, mdogo. Zinaongozana."

Fazal aliinuka kwenye kiti.

"Za buti zilikwenda moja kwa moja ziwani. Zile ndogo zilikatisha, zikapanda mpaka barabarani, zikasimama zimeelekea njia ya kuja huku kwenu. Halafu zikageuka, nazo zikaingia majini."

"Alisimama sana?"

"Pale ni changarawe tupu, baba. Hata ng'ombe haachi alama." Bhoke aliinua kidole chake, akashika kiungo cha pili. "Zilizama hivi."