Maji Yameingia Tele

Kila asubuhi kabla ya kengele, Amna alisimama karibu na mlingoti wa bendera, daftari la mradi mkononi, akiwauliza wenzake taarifa. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa mradi wa darasa la sita, jaruba la mpunga lililozungushiwa matuta, ng'ambo ya mfereji mkuu wa kijiji cha Ubaruku. Mpunga huo ungekuwa wali wa mchana wa shule muhula ujao.

Alikuwa mkali, wacha nikwambie! Jofrey alipokiri kwamba hakupalilia, Amna alilifuta jina lake daftarini mbele ya wote. "Kundi langu halina wavivu," alisema.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Lea kutoa taarifa. Lea alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, naye ndiye aliyepangiwa kuingiza maji jarubani Alhamisi, siku pekee ya zamu ya shule.

"Jana maji vipi?" Amna aliuliza.

"Yameingia tele! Mpaka nimeloa magoti."

Amna akaandika: imefanyika.

Jumatatu Mwalimu Tumpe aliwapeleka shambani. Lahaula! Udongo ulikuwa umepasuka, miche imekuwa njano. Mzee Saulo, mlinzi wa lango la maji, akashangaa.

"Alhamisi nilisubiri, sikuona mtoto wa shule. Zamu yenu nikampa jirani."

Amna alimgeukia Lea. Angedanganywa na mtu mwingine, angevumilia, lakini Lea! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

"Umenisaliti," alisema huku machozi yakimtoka. "Mwalimu, mfute!"

Lea alilia pia. "Nilimpeleka mdogo wangu zahanati, nikachelewa. Nilikuta lango limefungwa. Nikakumbuka ulivyomfanyia Jofrey, nikaogopa kusema."

"Kwa hiyo ukaniongopea huku ukinitazama machoni?"

Lea akajifuta machozi kwa mkono.

"Machozi hayamwagilii mpunga," alisema Mwalimu Tumpe. "Zamu ya leo ni ya nani?"

Ilikuwa ya Mama Mwanakhamisi, mkulima wa jaruba la jirani. Lea alikwenda mwenyewe, akapiga magoti, akaeleza kila kitu bila kuficha.

"Haya, mwanangu," mama yule alijibu. "Chukueni saa moja. Lakini siku nyingine semeni mapema."

Mzee Saulo alifungua lango. Maji yakaingia taratibu, wanafunzi wakiyaongoza kwa majembe. Miche ya pembeni ilikuwa imekufa. Ya katikati ingepona.

Mwalimu Tumpe aliwaita wale wawili. "Lea, ungesema Ijumaa, maji tungeomba Ijumaa. Uongo wako umetugharimu siku tatu na miche isiyorudi. Na wewe Amna, uliandika 'imefanyika' bila kutia mguu shambani. Hukumpanga mtu wa akiba, na aliyesema kweli ulimfukuza. Kiongozi anayekasirikia habari mbaya huletewa habari nzuri za uongo. Mradi huongozwa kwa kupanga, kukagua na kuambiana ukweli mapema."

Amna alifungua daftari, akaandika upya jina la Jofrey, kisha akaweka watu wawili kwenye kila zamu. Lea alisogea karibu.

"Bado mimi ni rafiki yako?"

"Moyo unaniuma, Lea. Sitakudanganya."

Alhamisi iliyofuata Amna alimkuta Lea langoni, amefika mapema.

"Kona ya kule haijapata maji," Lea alisema kabla hajaulizwa.

Amna hakukasirika. Alivua viatu, wakaingia wote wawili jarubani kwenda kuona.