Krismasi Bila Sahani za Kutupa

Kila asubuhi, jua likiwa bado pole, Kafedha hufagia uwanja wao katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, kisha huchukua koleo na kuzoa taka zilizonasa kwenye mtaro mbele ya nyumba. Kazi hii ya pili hakupewa na mtu. Alijitwika mwenyewe tangu Krismasi iliyopita, watu wa mtaa walipokula na kutupa sahani zao ovyo. Mvua iliponyesha, mtaro ulikuwa umeziba, na maji yakaingia kwa jirani yao, Bi Mwanatatu, yakamloweshea godoro. Kafedha alimwonea huruma sana bibi yule.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya mamake kuuandalia ukoo mzima wa baba chakula cha Krismasi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mama aliingojea siku hiyo kwa furaha na hofu, maana wakwe wana macho. Aliposema atanunua sahani za kutupa, Kafedha alimsihi.

"Mama, niachie mimi vyombo. Tutatumia majani ya mgomba na vifuu vya nazi."

Shangazi Winfred, dadake baba, aliyekuja kutoka Changamwe kusaidia mapishi, aliangua kicheko. "Mzee Changawa, mkubwa wa ukoo, ale kwenye majani? Atasema mke wa kakangu hana hata sahani!"

Mama alimtazama bintiye. "Haya, nakuachia. Lakini ukiniangusha, aibu ni yangu."

Kafedha hakulala juu ya ahadi yake. Nazi za sikukuu zilipokunwa, yeye na binamuye Ziro walikusanya vifuu. Vile vyenye macho walivitenga kwa sababu huvuja. Vilivyobaki walivisugua kwa msasa hadi vikawa laini, wakavichemsha.

"Hii ni likizo au kifungo?" Ziro alilalamika akipuliza vidole.

"Sugua, ndugu yangu. Pilau huliwa na aliyesugua," Kafedha akamjibu.

Lakini hata mwenye bidii hukosea. Siku ya mkesha wa Krismasi, Kafedha aliyaosha majani akayaanika juani, kama anavyoanika vyombo kila siku. Alipoyarudia, yalikuwa yamekauka, na kila alilolikunja lilipasuka.

"Si nilisema?" Shangazi Winfred akadakia. "Tumeni mtu dukani!"

Mama aliokota jani lililopasuka akaliweka kando, na jambo hilo lilimuuma Kafedha kuliko kukaripiwa.

"Nimekosea, Mama," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Nipe hadi jioni. Nikishindwa, nitakwenda dukani mwenyewe."

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanatatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Kafedha alimweleza yote. Bibi akacheka taratibu. "Jani halianikwi, mwanangu, hubabuliwa. Lipitishe juu ya makaa mpaka ling'ae, nalo litakunjika bila kupasuka. Kisha chukua masinia yangu ya harusi, uyatandike majani hayo juu yake. Watu wakizunguka sinia moja, inshallah patapendeza."

Kafedha na Ziro walikata majani mengine, wakayababua moja baada ya jingine. Moshi uliwatoa machozi, lakini hakuna jani lililopasuka.

Siku ya Krismasi, masinia yalipangwa juu ya mikeka, pilau ikafuka juu ya majani ya kijani, na mchuzi wa kuku ukatiwa vifuuni. Bi Mwanatatu naye alialikwa. Mama alisimama mlangoni akisokota ncha ya leso yake. Mzee Changawa, bingwa wa kukosoa, aliinua kifuu, akakitazama chini. Hakikuvuja hata tone. Akanywa.

"Nani aliyeandaa vyombo hivi?"

"Kafedha," Mama alijibu kwa sauti ndogo.

"Kafedha!"

"Abee, babu!"

"Njoo ule hapa nami."

Watu walitazamana. Katika ukoo ule, watoto hula kando, na sinia la Mzee Changawa ni la wazee peke yao. Kafedha aliketi, moyo ukimdunda kwa furaha.

Baada ya kula, majani walipewa mbuzi, na vifuu na masinia vikaoshwa. Mtaroni hakukuwa na takataka hata moja. Mzee Changawa akasafisha koo.

"Sikilizeni, wanangu. Kumheshimu mgeni si kununua vitu, ni kujitaabisha kwa ajili yake. Mtoto huyu alijitaabisha, akakosea, akakiri, akauliza, akaanza upya. Tena ametuheshimu sisi tunaokula, na majirani tutakaowaacha hapa. Sherehe njema haimwachii mwingine uchafu."

Watu walipiga makofi. Mama akamgeukia Shangazi Winfred, ambaye alimjua Kafedha tangu siku aliyozaliwa, akamwambia kwa sauti iliyosikika na wakwe wote:

"Huyo ni binti yangu."